Waterloo ni ya Nani?

Ndugu mwenyekiti, walimu walezi, wanamidahalo, na wazazi mliokuja kuona watoto wenu wanavyogombana kwa utaratibu: nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie matumizi ya historia katika hoja. Mada hiyo ni pana mno, tungelala hapa. Nimechukua kona moja tu, ile inayonikera kila ninapoalikwa kuwa jaji kwenye mashindano yenu. Kijana anasimama, hoja yake nzuri, takwimu anazo, anapangua vizuri, halafu ghafla anamgeukia mpinzani na kumtupia jina la vita. Hii itakuwa Adowa yenu! Hii itakuwa Stalingrad yenu! Hii itakuwa Waterloo yenu! Ukumbi unalipuka kwa makofi. Mimi kule mezani nabaki kujiuliza kama anajua alichokisaini.

Nasema alichokisaini kwa makusudi. Jina la vita ukilitamka hadharani linakufunga wewe kwanza. Umeshatangaza kwamba mpambano ni wa kufa na kupona. Umeshamtaja atakayeanguka. Na wenzako umeshawaambia kwamba atakayerudi nyumbani na nusu ya alichokitaka ni msaliti. Ukishinda, hewala. Ukishindwa, neno lile lile uliloliachia mwenyewe ndilo utakalochapwa nalo.

Mfano nilioleta ni wa Marekani, na ni miongoni mwa michache ambayo mambo yote yako wazi: nani alisema, lini, kura zilikuwa ngapi, na mwisho wake ulikuwaje.

Ni Julai 2009. Barack Obama ana miezi sita Ikulu. Anataka sheria ya bima ya afya, jambo ambalo marais kadhaa kabla yake walilijaribu likawashinda, na Bill Clinton alikuwa wa mwisho kuumia nalo, mwaka 1994. Chama chake cha Democratic kina wingi katika Baraza la Wawakilishi na katika Seneti. Kati ya viti 100 vya Seneti, wapinzani wao wa Republican wamebakiwa na 40. Kwa idadi hiyo hawawezi kuangusha muswada peke yao, ila wakishikamana wanaweza kuuchelewesha, kuuchosha, na kuwatia baridi wabunge wa upande wa pili wenye majimbo magumu.

Siku ya Ijumaa, Julai 17, seneta wa South Carolina aitwaye Jim DeMint alikuwa kwenye simu ya pamoja na wanaharakati wanaoupinga muswada. Akawaambia: "Tukiweza kumzuia Obama kwenye hili, itakuwa Waterloo yake. Litamvunja."

Yaani kama vita vya Waterloo vilivyommaliza Napoleon, mtawala wa Ufaransa. Maneno hayo yalisemwa kwa watu wa nyumbani, kuwapa moyo. Kila mwanasiasa ana maneno ya sebuleni na maneno ya barazani. Lakini ya sebuleni yalimfikia mwandishi wa habari, na punde yakawa ya kila mtu.

Jumatatu yake, Julai 20, Obama alikuwa kwenye hospitali ya watoto jijini Washington. Akalitaja lile neno la DeMint mbele ya kamera, kisha akawaambia watu walifikirie. Akasema jambo hili halimhusu yeye wala halihusu siasa. Linahusu mfumo wa afya unaozivunja familia za Marekani, unaovunja biashara zao, unaovunja uchumi wao. Mmeona alivyofanya? DeMint alisema "litamvunja", na Obama akalibeba lile lile la kuvunja akalipeleka kwa mgonjwa asiye na bima. Hakuhitaji kutunga chochote. Mpinzani wake alikuwa amemwandikia hotuba.

Na kulikuwa na hasara nyingine isiyoonekana kwenye televisheni. Wakati ule ule, ndani ya Kamati ya Fedha ya Seneti, kulikuwa na watu 6 waliokuwa wakikutana wiki baada ya wiki kutafuta muswada ambao pande zote mbili zingeweza kuumeza. Watatu Democratic, chini ya mwenyekiti Max Baucus, na watatu Republican: Chuck Grassley, Mike Enzi na Olympia Snowe. Hao ndio waliokuwa wakipiga hesabu za nani atozwe kodi, nani apewe ruzuku, na mwajiri mdogo abebe kiasi gani. Sasa jiwekeni kwenye kiti cha Grassley. Umekaa na Baucus mnajadili kifungu, huku mwenzako wa chama kimoja ameshawaambia wapiga kura kwamba kazi ya chama ni kumvunja rais. Kila koma utakayokubaliana na Baucus, utaulizwa nyumbani: wewe ulikuwa upande wa nani pale Waterloo? Agosti ilipofika, mikutano ya majimboni ikageuka kelele. Mwisho wa yote, ni Snowe peke yake aliyeupigia muswada kura ya ndiyo kwenye kamati, Oktoba 13, kura 14 kwa 9. Ulipofika mbele ya Seneti nzima, naye akaukataa.

Sisemi kwamba neno la DeMint peke yake ndilo lililoua mazungumzo yale. Uongozi wa chama ulikuwa na mkakati wake wa kukataa kwa umoja, na ungekuwapo hata DeMint angenyamaza. Ninachosema ni kwamba neno lile liliupa mkakati huo jina, na jina likauondolea mlango wa nyuma.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba kiini cha muswada hakikuwa kigeni kwa Republican. Wazo la kumtaka kila mtu awe na bima lilikuwa limependekezwa na taasisi ya Heritage Foundation, ambayo ni ya wahafidhina, mwaka 1989. Mitt Romney, gavana wa Republican, alilitia katika sheria ya Massachusetts mwaka 2006. Kwa hiyo palikuwa na mahali pa kukutania. Mtu mwenye njaa ya marekebisho angeweza kuingia na orodha yake akatoka na mengi. Nasi hapa Tanzania tumeona inavyokuwa: muswada wa bima ya afya kwa wote uliletwa bungeni 2022, ukaahirishwa, ukarudi, ukapitishwa 2023. Watu wanarekebisha vifungu, wanarudi. Ni kazi ya kuchosha na haina makofi.

Ngoja sasa niwarudishe kwenye hiyo Waterloo yenyewe, maana nina hakika nusu ya wanaoitaja hawajui kilichotokea.

Ni Jumapili, Juni 18, 1815, kusini ya Brussels. Napoleon alikuwa ametoroka kisiwa cha Elba mapema mwaka ule, akarudi Paris, akakusanya jeshi, na kabla maadui zake hawajajipanga akavuka mpaka kwenda kuwapiga mmoja mmoja. Yeye ndiye aliyeshambulia. Hilo liwekeni akilini. Siku mbili kabla alikuwa amewapiga Waprussia wa Marshal Blücher huko Ligny, akamtuma Marshal Grouchy na watu kama 33,000 wawafuatilie wasirudi. Yeye na wengine kama 73,000 wakamkabili Wellington, jemadari wa Uingereza.

Usiku mvua ilinyesha vibaya. Asubuhi uwanja ulikuwa tope tupu, mizinga haisogei, na mpira wa mzinga ukianguka kwenye tope unazama badala ya kudunda na kuendelea kuua. Napoleon akasubiri ardhi ikauke. Mapigano yakaanza karibu na saa tano na nusu mchana. Kule upande wa pili, Wellington alikuwa amewaficha askari wake nyuma ya mgongo wa kilima, upande usioonekana. Mfaransa akitazama anaona watu wachache na shamba la ngano. Walio wengi wamelala chini ng'ambo ya mteremko. Alasiri Marshal Ney akawapeleka wapanda farasi kwa maelfu, wakapanda, wakafika juu, wakakuta askari wa miguu wamejipanga kwa miraba, singe nje pande zote nne. Farasi hawaingii kwenye singe. Wakazunguka, wakapigwa risasi, wakashuka, wakapanda tena. Mara baada ya mara.

Grouchy aliisikia mizinga kwa mbali. Jenerali wake Gérard akamsihi waelekee kule mlio unakotoka. Grouchy akasema maagizo yake ni kuwafuata Waprussia. Kumbe Waprussia wenyewe walikuwa wameshampita, wanakwenda kumsaidia Wellington, na kuanzia alasiri wakaanza kuingia ubavuni mwa Napoleon kwenye kijiji cha Plancenoit. Saa moja na nusu jioni Napoleon akatupa karata ya mwisho, kikosi chake cha Walinzi, watu ambao hawakuwa na mazoea ya kurudi nyuma. Wakarudi nyuma. Siku nne baadaye aliachia ufalme.

Wellington mwenyewe alikiri kwamba ilikuwa chupuchupu. Nusu ya siku nzima hakuna aliyejua nani atashinda. Na katika jeshi lake la watu kama 68,000, Waingereza walikuwa kama theluthi moja tu. Waliobaki ni Waholanzi, Wabelgiji, na Wajerumani wa falme mbalimbali. Bila Waprussia kama 50,000 waliofika jioni, leo pengine tungekuwa tunaitaja Waterloo kama ushindi wa Napoleon.

Anayekwenda kule leo anapanda ngazi 226 hadi juu ya kilima cha kutengenezwa chenye sanamu ya simba. Kilijengwa miaka ya 1820 kwa amri ya mfalme wa Uholanzi, mahali ambapo mwanawe alijeruhiwa bega. Udongo wa kukijengea ulichotwa pale pale uwanjani, kwenye mgongo wa ardhi uliokuwa umewaficha watu wa Wellington. Basi ukisimama juu unaona mbali sana, isipokuwa huoni kile kilichoamua vita, kwa sababu kimekwanguliwa ili upate pa kusimama. Hilo linanitosha kwa habari ya watu wanaotumia vita kama kumbukumbu tu.

Sasa pimeni. DeMint anasema itakuwa Waterloo ya Obama. Anajiona yeye ni Wellington, Obama ni Napoleon. Lakini Napoleon ndiye aliyekuwa na haraka, aliyetaka ushindi wa siku moja, aliyekataa kugawana chochote, na aliyemtuma Grouchy aende kwingine wakati anamhitaji. Nani, katika mwaka ule wa 2009, alikuwa anatafuta pigo moja la kummaliza mwenzake?

Desemba 24, asubuhi ya mkesha wa Krismasi, Seneti ikaupitisha muswada kwa kura 60 kwa 39. Hakuna Republican hata mmoja aliyeunga mkono. Hapo DeMint angeonekana ameshashindwa, ila mambo yakageuka. Kiti cha Ted Kennedy, aliyefariki Agosti, kikagombewa Massachusetts Januari 19, 2010, na Scott Brown wa Republican akakitwaa. Massachusetts! Jimbo la Kennedy! Democratic wakawa hawana tena kura 60 za kuzuia upinzani kuuchelewesha muswada. Washington nzima ilikuwa inaandaa mazishi. Kwa wiki kadhaa DeMint alikuwa na haki ya kuamini kwamba utabiri wake umetimia, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani alikuwa mjinga. Alikuwa karibu sana.

Kilichouokoa muswada ni kanuni. Spika Nancy Pelosi alikusanya kura ili Baraza la Wawakilishi lipitishe muswada wa Seneti kama ulivyo, bila kubadili nukta, halafu marekebisho yaende kwa muswada mwingine wa bajeti ambao Seneti inaweza kuupitisha kwa wingi wa kawaida. Ni jambo la makarani na vitabu vya kanuni, halina farasi wala baragumu. Ningependa kuwaambia kwamba hao ndio walikuwa Waprussia wa jioni, na mnaona jinsi ugonjwa wenyewe unavyoambukiza.

Machi 21, 2010, siku ya Jumapili, kura zikapigwa: 219 kwa 212. Republican sifuri upande wa ndiyo. Democratic 34 walikataa. Tofauti ya kura 7. Obama akasaini Machi 23.

Usiku ule wa kura akatokea mtu wa ndani. David Frum, aliyekuwa mwandishi wa hotuba za George W. Bush, mhafidhina wa siku nyingi, akaandika makala akaipa kichwa cha neno moja: Waterloo. Hoja yake ilikuwa kwamba chama chake kilikataa kujadiliana wakati kilikuwa na cha kupata, kikaamua kutaka yote, na sasa hakina kitu. Wale waliokuwa wakifikiri watalipiza kwenye uchaguzi wa Novemba aliwaambia kwamba wingi wa bunge huja na kwenda, sheria hii ni ya milele. Akamalizia kwamba ni Waterloo kweli: yetu.

Siku nne baadaye Frum hakuwa tena kwenye taasisi aliyokuwa akifanyia kazi, American Enterprise Institute. Ndiyo gharama ya kumrudishia mtu neno lake akiwa bado na uchungu.

Mkweli atauliza: na Novemba je? Novemba 2010 Democratic walipoteza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Wengi waliopiga kura ya ndiyo walirudi kulima. Kwa hiyo kwa hesabu ya viti, Republican walishinda, na walishinda kwa kishindo. Ila hapo ndipo neno la DeMint lilipokataa kumwacha. Yeye hakusema "watapoteza viti". Alisema rais atavunjika muswada ukizuiwa. Muswada haukuzuiwa, rais alichaguliwa tena 2012, na Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani iliiacha sheria isimame kwa kura 5 kwa 4, Jaji Mkuu John Roberts, aliyeteuliwa na Bush, akiandika hukumu. Juni 25, 2015 ikasimama tena, 6 kwa 3. Wapenda tarehe mtafurahi: wiki moja kamili kabla ya hukumu hiyo, Ulaya ilikuwa inaadhimisha miaka 200 ya Waterloo.

DeMint naye aliacha useneta mwanzoni mwa 2013 akaenda kuongoza taasisi. Taasisi gani? Heritage Foundation, ile ile ya 1989. Kiangazi hicho Heritage ilizunguka miji kuhamasisha watu: serikali ya Obama inyimwe bajeti mpaka sheria ya afya inyimwe fedha. Na Septemba 24 seneta mpya wa Texas, Ted Cruz, akasimama Seneti akazungumza kwa zaidi ya saa 21.

Safari hii jina lililoletwa lilikuwa zito kuliko Waterloo. Cruz alisema wale wanaodai kwamba sheria ya afya haiwezi kushindwa wanamkumbusha Neville Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza aliyewaambia watu wake wawakubali Wanazi. Maana yake ni nini? Seneta mwenzako wa chama chako mwenyewe, anayesema tu kwamba kura hazitoshi, umemfananisha na mtu aliyempigia Hitler magoti.

Kesho yake John McCain akaomba nafasi. Mnamjua McCain: rubani wa kijeshi, alidunguliwa Vietnam, akafungwa Hanoi zaidi ya miaka mitano. Babu yake na baba yake walikuwa maofisa wa jeshi la majini katika Vita Kuu ya Pili. Babu alikuwa admirali, akafariki siku chache baada ya Japani kusaini kujisalimisha. Hakupiga kelele. Alisema analikataa dai lile kwa nguvu zote, na kwamba linawakosea heshima waliojitoa kupigana vita ile. Alieleza pia kwamba Cruz amemwambia alikuwa anawalenga wachambuzi wa redio na televisheni, si maseneta, na kwamba yeye haioni tofauti. Akawakumbusha kwamba aliipinga sheria ile kwa nguvu mwaka 2009, kwamba mjadala ulifanyika, na kwamba wananchi walishazungumza kwenye uchaguzi wa 2012.

Kwenye mdahalo tunaita hiyo kupoteza sakafu. Ukitumia vita halisi kama bakora, omba Mungu kwamba hayumo ukumbini mtu ambaye vita ile ilipita nyumbani kwao.

Oktoba 1 serikali ikafungwa. Watumishi kama 800,000 walirudishwa nyumbani bila mshahara. Na siku hiyo hiyo, sikilizeni, siku hiyo hiyo, ndiyo ilifunguliwa tovuti ya serikali ya kujiandikisha bima chini ya ile sheria. Tovuti ilikuwa mbovu ajabu. Kumbukumbu zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba siku ya kwanza walifanikiwa kujiandikisha watu 6. Sita, kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 300! Kama wapinzani wangekaa kimya wakanywa chai, habari ya dunia nzima ingekuwa hiyo tovuti. Badala yake kamera zote zilikuwa kwenye bustani za taifa zilizofungwa na wazee wa vita waliokuta uzio kwenye mnara wao wa kumbukumbu. Siku 16 baadaye Republican wakakubali kufungua, sheria iko pale pale.

Baraza la Wawakilishi lilipiga kura zaidi ya mara 50 kuifuta sheria hiyo yote au sehemu zake, na Obama alipokuwa Ikulu hakuna iliyoweza kuiangusha. Ikaja 2017. Donald Trump yuko Ikulu, Republican wana mabaraza yote mawili. Hakuna kisingizio tena. Usiku wa kuamkia Julai 28, saa saba na nusu hivi, Seneti inapigia kura toleo dogo la muswada wa kufuta. McCain, aliyetangaza siku chache kabla kwamba ana saratani ya ubongo, anatembea mpaka mbele ya meza ya makarani. Kiongozi wa chama chake, Mitch McConnell, amesimama hatua chache tu kutoka hapo, mikono ameikunja kifuani. McCain ananyoosha mkono wa kulia, anauacha hewani kidogo ili wamwone, kisha anageuza dole gumba chini. Watu wanaguna. Kura 49 kwa 51. Wawili waliokuwa wameshakataa kabla yake ni wanawake wa chama hicho hicho, Susan Collins wa Maine na Lisa Murkowski wa Alaska, na sipendi wanavyosahauliwa kwa sababu hawakuwa na dole gumba la kupigwa picha.

Siku tatu kabla McCain alikuwa amewahutubia maseneta. Hakumtupia mtu jina la vita. Aliomba muswada urudi kamatini, usikilizwe, urekebishwe na pande zote mbili, yaani warudie utaratibu wa kawaida. Yeye aliyefungwa Hanoi alikuja kuomba kikao cha kamati.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na nimeletewa kikaratasi kutoka safu ya nyuma. Nakisoma: "Mzee, mbona Waspartan wa Brexit walishinda?"

Swali zuri, huyu amejiandaa. Kwa wasiojua: Oktoba 2017 mbunge Jacob Rees-Mogg, kwenye mkutano wa chama cha Conservative, aliulinganisha mpango wa kujitoa Umoja wa Ulaya na Waterloo, Crécy na Agincourt, akasema Waingereza hushinda haya yote. Crécy ni 1346, Agincourt 1415, na vita vile vya miaka mia Waingereza walivipoteza. Hadi 1453 walibakiwa na mji wa Calais tu kule Ufaransa. Waterloo nimeshawaambia ilikuwa muungano wa mataifa ya Ulaya, mfano wa ajabu kwa mtu anayetaka kutoka kwenye muungano wa mataifa ya Ulaya. Januari 15, 2019 mkataba wa kujitoa wa waziri mkuu Theresa May ukaanguka bungeni kwa kura 432 kwa 202. Ulipoletwa mara ya tatu, Machi 29, Rees-Mogg mwenyewe aliupigia kura ya ndiyo. Agincourt ikaishia hapo.

Waliobaki ni wabunge 28 wa kundi la Rees-Mogg waliokataa katakata, wakaitwa Waspartan, kwa kumbukumbu ya wale askari 300 wa Sparta, Ugiriki ya kale, waliofia Thermopylae bila kurudi nyuma. Na ni kweli, hawa walipata walichotaka: May akaondoka, Boris Johnson akaingia, Uingereza ikatoka Januari 31, 2020. Tofauti na wale wa kwanza, hakuna aliyekufa njiani. Kwa hiyo ndugu wa safu ya nyuma, nakupa alama.

Ila mkataba walioupigia kura Desemba 2019 uliweka ukaguzi wa bidhaa baina ya Uingereza na Ireland ya Kaskazini, jambo ambalo miaka iliyofuata walilipigia kelele kuliko mtu yeyote. Mmoja wa vinara wa Waspartan, Steve Baker, Septemba 2022 akateuliwa kuwa waziri katika wizara ya Ireland ya Kaskazini. Wiki chache tu ofisini, alisimama kwenye mkutano wa chama akaomba radhi kwa Ireland na Umoja wa Ulaya kwamba hawakuheshimu maslahi yao halali. Machi 2023, serikali ilipoleta mkataba uliorekebishwa wa Windsor, Mark Francois na Waspartan wengine waliukataa. Baker aliuunga mkono. Ukapita kwa kura 515 kwa 29, na kwenye redio na televisheni aliyekuwa akiwaeleza watu vifungu vya forodha, kimoja baada ya kingine, alikuwa Mspartan.

Mwenyekiti, timu ya kwanza waite.